Waya wa pili kati ya swichi mbili

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka barabara ya Luthuli, na kwa miaka kadhaa chumba cha uhasibu kiliunganishwa na chumba cha mitambo kwa waya mmoja tu wa mtandao wa kompyuta uliopita juu ya dari. Mafundi waliokuja kubadilisha taa waliukata bila kujua, nasi tukakaa hadi saa tisa alasiri bila kufungua faili hata moja. Nikaamua kuvuta waya wa akiba.

Nakiri kwamba nilianza kwa kukosea. Nilichomeka waya mpya pande zote mbili kwenye habu zetu kuukuu, visanduku vinavyounganisha kompyuta, huku ule wa kwanza ukiwa umerudishwa mahali pake, nikidhani kwamba mmoja ukikatika mwingine utashika kazi. Taa za migongano ziliwaka zisizime, na printa ikanyamaza. Habu haichagui njia: ishara inayoingia kwenye tundu moja huitoa kwenye matundu mengine yote, kwa hiyo iliyokwenda kwa waya wa kwanza ilirudi kwa wa pili na kugongana na nafsi yake. Kwa mwenye habu, waya wa akiba hauna budi kukaa umechomolewa upande mmoja, ukiwa na kibandiko, ukimngoja mtu.

Swichi, yaani visanduku vinavyochagua tundu la kutolea data, zikiwa za bei rahisi nazo haziokoi, kwa sababu fremu ya Ethaneti (kifurushi cha data kinachopita kwenye waya), tofauti na pakiti ya IP inayobebwa ndani yake, haina kihesabio cha kuikomesha isizunguke milele. Kinachotakiwa ni swichi yenye itifaki ya mti (Spanning Tree), yaani kanuni ya kuzuia mizunguko, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment, ambayo huifunga njia moja na kuifungua pale tu ile nyingine inapokufa. Toleo la zamani, 802.1D, huchukua sekunde 30 hadi 50 kubadilisha njia. Lile la 802.1w, la mwaka 2001, huhitaji sekunde chache au chini ya hapo. Nilinunua swichi mbili zilizotumika, na kabla ya kuchomeka waya wa pili nikahakikisha kwamba itifaki imewashwa katika zote mbili.

Njia ya waya ilinisumbua kuliko swichi. Kuupitisha juu ya dari ileile kungekuwa kujidanganya, kwani msumeno mmoja ungeikata yote miwili. Nikauzungusha upande wa ngazi, mbali na nyaya za umeme za lifti, na kwa mzunguko huo wote ukafika mita 62, ndani ya kikomo cha mita 100. Kwenye kichwa cha waya sikufungua msokoto wa jozi za nyuzi zake zaidi ya milimita 13; fundi mwenye haraka hufungua sentimita tano, kisha hulaumu swichi.

Jumamosi niliuchomoa waya wa zamani mwenyewe, huku ping, programu inayotuma maombi mfululizo na kungoja majibu, ikiendelea kwenye kompyuta ya mhasibu. Maombi mawili hayakujibiwa, la tatu likajibiwa, na faili aliyokuwa ameifungua haikufunga.