Pazia jeusi kwenye jicho la kushoto

Jumatatu nilikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nachagua dagaa, nikaona kama vijinzi vyeusi vinaelea mbele ya jicho la kushoto. Nikapunga mkono, wapi! Usiku mwanga ukawa unamulika pembeni kama radi, ilhali juu ya ziwa hakuna hata wingu. Jumatano pazia jeusi likaanza kushuka. Maumivu? Hata chembe, ndiyo maana nilichelewa (dukani nikauziwa dawa ya matone, hela ya bure). Daktari akasema retina (utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imechanika, majimaji yakapenya nyuma yake, ikabanduka. Navaa miwani ya kuona mbali yenye namba kubwa tangu shule. Kumbe sisi tusioona mbali vizuri tuko hatarini zaidi. Nimepasuliwa, nikawekewa kiputo cha gesi kuishikilia retina. Sasa nalala kifudifudi, na ndege marufuku mpaka gesi iishe.