Bando moja, mashine nne: gemu huria kwenye kompyuta za mtumba Mtwara

Korosho zikishalipwa, kuanzia Mtwara mjini hadi Masasi na Nachingwea swali ni lilelile: hii kompyuta ya mtumba inacheza gemu? Inacheza, tena bila kununua gemu hata moja, ukitumia Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na gemu za chanzo huria, yaani za bure zilizo wazi kwa yeyote. Kinachowakwamisha watu huku kwetu mara nyingi si mashine, ni bando. Mtu anaweka mfumo, anafungua duka la programu, anabonyeza gemu tatu, na kabla hajaonja hata moja GB zimekata. Jirani yake anarudia vilevile. Nyumba nne, bando nne, mzigo uleule.

Kwa hiyo hapa naeleza namna ya kupakua mara moja, kugawa kwa flashi, kisha kucheza wote pamoja bila intaneti. Mfano wangu ni mashine nne; utaratibu ni huohuo zikiwa mbili au nane.

Kabla hujatoa hela

Stika ya i5 peke yake haikwambii kitu. Soma namba inayofuata. i5-3320M ni ya 2012 na picha zake zinachorwa na chipu ya Intel HD 4000. I5-6300U ni ya 2015 na ina HD 520. Zote mbili zinaziweza gemu huria nitakazotaja, kwa sababu gemu hizo zinaridhika na OpenGL, njia ya zamani ya gemu kuiagiza chipu ichore picha. Tofauti inajitokeza kwenye Vulkan, njia mpya zaidi ya kazi hiyohiyo. HD 4000 ina Vulkan nusunusu, na draiva, programu inayoiendesha chipu, inakuonya hivyo yenyewe kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Proton, ile njia ambayo duka la gemu la Steam linaitumia tangu 2018 kuendesha gemu za Windows ndani ya Linux, inaitegemea Vulkan hiyohiyo. Matokeo yake, kwenye mashine ya 2012 gemu nyingi za Windows hufunguka na kujifunga palepale. Kuna kuilazimisha itumie OpenGL kwa kuandika `PROTON_USE_WINED3D=1 %command%` kwenye sehemu ya maelekezo ya kuanzisha gemu, na baadhi ya gemu nyepesi za zamani huitikia. Nzito usihangaike nazo. Kama shabaha yako ni gemu za Windows, nunua yenye namba ya tarakimu nne inayoanza na 6 au zaidi baada ya i5. Valorant na Fortnite zisahau kabisa kwenye Linux, hata mashine iwe kali vipi, kwani ulinzi wao dhidi ya udanganyifu hauikubali.

RAM ya GB 4 inatosha kuanzia. Ukipata nafasi ya kuongeza, weka vipande viwili vinavyolingana, kwa sababu chipu ya picha ya Intel haina kumbukumbu yake. Inakopa kwenye RAM, na vipande viwili vinaifungulia njia mbili kwa wakati mmoja. Gemu iliyokuwa inakwamakwama utaiona inalainika bila kugusa kitu kingine. Ila soma karatasi iliyobandikwa kwenye kipande. Laptopu za kizazi cha nne, zenye namba inayoanza na 4 baada ya i5, zinataka RAM ya volti 1.35, iliyoandikwa PC3L. Ukichomeka PC3 isiyo na herufi L, ya volti 1.5, mashine inaweza kuwaka taa na kioo kikabaki cheusi, ukadhani umeiua. Hujaiua. Chomoa, tafuta yenye L.

Mfumo

Chagua Linux Mint 22, toleo la Xfce. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na inapata masasisho hadi 2029, na Xfce haili RAM kama wenzake. Faili lake linakaribia GB 3, hivyo lipakue kwa `wget -c`, ambayo mtandao ukikatika inaendelea ilipoishia badala ya kuanza upya. Likishafika, endesha `sha256sum`, inayotoa namba ya kulitambulisha faili, na uilinganishe na ile ya kwenye tovuti ya Mint. Watu wanairuka hatua hii, kisha wanalaumu flashi usakinishaji unapokwama katikati, kumbe faili lilifika na kasoro.

Weka Ventoy, programu inayoiwezesha flashi kuwasha kompyuta, kwenye flashi ya GB 16 au zaidi. Itafuta kila kitu kilichomo. Baada ya hapo unanakili tu lile faili la Mint ndani yake kama unavyonakili wimbo, na nafasi inayobaki itabeba gemu. Washa mashine ukibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell, F9 kwa HP. Ikigoma kwa ujumbe wa usalama, ingia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, uzime Secure Boot.

Sakinisha Mint kwenye mashine zote nne kutoka kwenye flashi hiyohiyo kabla ya kupakua gemu yoyote. Mpangilio huu una sababu, na ndiyo roho ya kazi yote.

Kupakua mara moja

Chagua mashine moja iwe ya kubebea. Usiisasishe, usiongeze programu yoyote. Iache kama ilivyotoka kwenye usakinishaji. Iunganishe na intaneti, fungua terminali:

`sudo apt-get update`

`sudo apt-get install --download-only supertuxkart wesnoth minetest 0ad gamemode mangohud zram-tools`

Majina manne ya kwanza ni gemu, matatu ya mwisho ni programu saidizi. Neno `--download-only` linapakua bila kusakinisha, na vifurushi vyote vinatua kwenye `/var/cache/apt/archives`. Tayarisha GB kadhaa, 0 A.D. ndiyo inayokula zaidi, kwa hiyo bando likiwa dogo iondoe kwenye amri. Nakili faili zote zinazoishia na .deb kwenye folda moja ya flashi. Kwenye kila mashine hamishia folda hiyo ndani, fungua terminali humo na uandike:

`sudo apt-get install ./*.deb`

Mwishoni huenda ukaona ujumbe kwamba `_apt` imeshindwa kulifikia faili. Upuuze, hauna madhara. Kosa lenye madhara ni lile la vifurushi tegemezi vinavyokosekana. Linatokea pale mashine ya kubebea ilipokuwa tayari na vifurushi hivyo: apt, programu ya Mint ya kusakinisha, haipakui kitu kilichokwishawekwa, hivyo hakikuingia kwenye folda, na mashine ya pili inakidai. Ndiyo maana nimesisitiza zote nne zianze sawa.

Kwa kazi hii kaa mbali na Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux. Ni nzuri mahali intaneti inapotiririka, lakini programu ya kwanza tu inakuja na mazingira yake ya mamia ya MB, na ukubwa huo mara nyingi hauoni mpaka bando limelia.

Folda hiyo itunze kwenye diski ya nje. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliharibu barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, na mwezi huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, mtandao ukawa wa kusukuma. Mwenye folda yake hakuhitaji barabara wala waya.

Kwa wenye RAM ya GB 4, fungua `/etc/default/zramswap`, ondoa alama ya # kwenye mistari ya ALGO na PERCENT, iache `lz4` na `50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Sehemu ya RAM itatumika kuhifadhi data iliyobanwa, na mashine haitakimbilia diski mapema. Hakiki kwa `zramctl`.

Kuunganisha bila intaneti

Hapa ndipo raha ilipo. Mashine moja inatosha kuwa mtandao wa wote:

`nmcli device wifi hotspot ssid GEMU password nenolako8`

Nenosiri lisipungue herufi nane. Mashine hiyo itakuwa 10.42.0.1, na wengine wanaiona GEMU kwenye orodha ya Wi-Fi. Intaneti yake yenyewe kupitia Wi-Fi itakatika kwa muda huo, kwani kadi ni moja. Hotspoti ya simu nayo inafaa ukiwa umezima data, ila simu nyingine huzuia vifaa vilivyoungana visionane. Jaribu `ping`, amri inayopima kama mashine zinaonana, kwenye anwani ya mashine ya mwenzako. Ikigoma wakati wote mko hewani, tumia mashine badala ya simu.

Mkiwa chumba kimoja, waya ni bora kuliko vyote. Swichi ya matundu matano, nyaya nne, na kwenye mashine moja, upande wa IPv4, chagua kugawana mtandao na kompyuta nyingine. Hiyo ndiyo itakayowapa wenzake anwani.

Ukuta wa moto (firewall) wa Mint, unaozuia maombi kutoka nje, huja umezimwa. Kama mtu aliuwasha, wageni watakwama kwenye kutafuta anwani na kuzunguka bila mwisho, kwa sababu maombi yao yanazuiwa mlangoni. Mwenye hotspoti aandike `sudo ufw allow 67/udp`, halafu milango ya gemu: 2757:2759 kwa SuperTuxKart, 30000 kwa Minetest, 20595 kwa 0 A.D., zote udp.

SuperTuxKart, mbio za vigari, ndiyo ya kuanzia na watoto. Shusha kiwango cha michoro hadi chini kabisa, kisha panda hatua moja moja mpaka uone inakwama, urudi moja. Mmoja anaunda seva kwenye sehemu ya mtandao wa ndani, wengine wanaitafuta hapohapo.

Minetest, ambayo tangu Oktoba 2024 inaitwa Luanti ingawa kifurushi cha Mint 22 kinabeba jina la zamani, ina uzuri mmoja ambao wengi hawaujui. Ulimwengu wa kuchezea, kwa mfano VoxeLibre, unahitajika kwa mwenyeji tu, kwenye folda `~/.minetest/games`. Wageni wakiingia, mashine ya mwenyeji inawatumia picha na sauti zote yenyewe. Chagua toleo la ulimwengu linaloendana na toleo la programu yako, la sivyo halitafunguka.

0 A.D. ni ya kujenga miji na kupigana, tamu sana, lakini ina masharti mawili. La kwanza, matoleo yawe sawa kabisa kwenye mashine zote. La pili, kila mashine inapiga hesabu ya vita nzima, hakuna anayemtangulia mwenzake, kwa hiyo mashine dhaifu kuliko zote ndiyo inayopanga mwendo wa wote. Wekeni kikomo cha watu 100 kwa kila mchezaji na vita vitaenda bila kuganda.

Pedi

Pedi ya PS4 halisi inatambulika yenyewe, kwa waya au Bluetooth. Zile za bei nafuu ndizo zinazosumbua. Ichomeke, andika `lsusb`. Ukiona `0079:0006 DragonRise`, itazame katikati: kuna kitufe kidogo cha duara kimeandikwa ANALOG, na pembeni yake kijitaa. Taa ikiwa imezima, kijiti cha kushoto kinajifanya mishale minne, na kigari chako kinakata kona kwa vishindo, kushoto kote au kulia kote. Bonyeza mara moja, taa nyekundu iwake, ndipo uingie kwenye mipangilio ya gemu uoneshe kitufe kimoja kimoja. Usipange vitufe taa ikiwa imezima, utarudia kazi.

Joto na umeme

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, chumba cha Mtwara mjini kina joto na unyevu ambao wenzetu wa Newala kule juu hawaujui. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hujipunguzia kasi yenyewe, na gemu iliyoanza vizuri inaharibika baada ya dakika 15. Fuatilia kwa `sensors`. Kabla ya kutafuta fundi, funga kasi ya picha:

`MANGOHUD_CONFIG=fps_limit=30 mangohud supertuxkart`

Picha 30 kwa sekunde zinatosha kwa mbio za vigari, na feni inatulia. Joto lisiposhuka, fungua kifuniko cha chini, shikilia pangaboi la feni lisizunguke, upulize vumbi kupitia matundu. Likizungushwa kwa nguvu ya hewa linaweza kuharibu mhimili wake. Dawa ya joto ikiwa imekauka kama udongo, futa kwa spiriti isiyo na maji mengi na uweke tone dogo kama punje ya mchele. Walio karibu na maji, Shangani na Mikindani, waangalie pia pini za chaja na matundu ya USB: chumvi ya upepo hula polepole, ukaiona kama unga wa kijani au mweupe.

Umeme ukikatika gemu ikiwa inasakinishwa na betri imekufa, usifute kitu. Ukirudi, andika `sudo dpkg --configure -a`, kisha rudia amri ya mwanzo, itamalizia palipobaki. Na siku mkiamua kusasisha, sasisheni mashine zote nne siku hiyohiyo, kwa folda ileile ya flashi, maana moja ikitangulia toleo, jioni hiyo itabaki nje ya 0 A.D. huku tatu zikicheza.