Shati la bluu la Mwanjelwa

Asubuhi hii nilikuwa namwagia mchicha majivu ya jiko, nyuma ya nyumba, upepo ukayachukua. Nikabaki nimesimama na sahani mkononi, nayafuatilia kwa macho. Mwanangu akauliza, "Baba, unaangalia nini?" Nikamjibu naangalia upepo. Akacheka, eti upepo hauonekani.

Unaonekana. Mjomba alinionyesha mwaka 2004, usiku wa kuamkia safari yangu ya kwanza ya uwindaji.

Nilikuwa naenda kama msaidizi wa mchuna ngozi. Mjomba alikuwa traka, mtu wa kufuata nyayo tangu ujana wake, na ndiye aliyeniombea nafasi. Msimu ulikuwa unafunguliwa tarehe 1 Julai, mteja Mmarekani amelipia siku 21 za nyati na chui kule pori la akiba la Rungwa.

Mama aliposikia, alishuka soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, na gunia la viazi, akarudi na shati. Soko lilikuwa bado halijaungua. Shati jipya la dukani, si mtumba: bluu iliyokolea, vifungo vyeupe, pini bado ziko kwenye kola. "Usije ukaonekana huko mtoto asiye na mama," alisema. Nikaliweka juu kabisa ya begi lisijikunje.

Basi la Chunya, baridi ya mlimani, kisha Makongolosi na vumbi lake. Tulifika kwa mjomba jioni.

Usiku ule mjomba alimwaga begi langu lote juu ya mkeka, kibatari pembeni. Sabuni ya kunukia akaiweka kando: "Utaogea ukirudi." Alipofika kwenye shati akanyamaza. Akalishika mabegani kwa vidole vya mikono miwili, akalinyanyua kwenye mwanga.

"Nani kakununulia?"

"Mama."

"Dada," akasema taratibu, kama vile mama yumo chumbani. Kisha: "Mbung'o wanapenda rangi hii, hii na nyeusi. Ukiivaa watakuandama wewe na kila atakayekuwa karibu yako." Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akanipa lake la kaki, lililochakaa kola. "Usimwambie."

Halafu akachota majivu jikoni. Akayachekecha kwa kipande cha kanga, chenga za mkaa akizitoa moja moja, mpaka yakabaki laini kama unga wa muhogo. Akayatia kwenye soksi kuukuu, akaifunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Akaigonga kwa kidole mara moja tu. Wingu dogo likatoka, likasita juu ya kibatari, kisha likaanza kuja kwangu, polepole, mpaka nikalisikia puani.

"Wewe ndiye mbogo," mjomba alisema. "Mimi nimeshanuswa."

Akainuka, akanizunguka, akachuchumaa upande wa pili. Akagonga tena. Safari hii majivu yakamrudia mwenyewe kifuani.

"Hapa sasa naweza kukusogelea."

Akanikabidhi soksi. Niligonga, nikahama, nikagonga, mpaka mafuta ya kibatari yakakaribia kwisha, naye hakunihimiza hata mara moja. Sijapata mwalimu mwingine mwenye subira ile.

Zile siku 21 sizisimulii zote. Nilijifunza kwamba ngozi hupakwa chumvi siku ileile, la sivyo manyoya hunyonyoka. Vidole vyangu vilipasuka kwa chumvi hiyo. Ninachokikumbuka kuliko nyati wenyewe ni mtego wa mbung'o pembeni ya kambi: kitambaa kimetundikwa mtini, nusu cheusi, nusu bluu. Bluu ileile. Kila asubuhi nikienda kuteka maji nilikuwa nakipita, inzi wamejaa chini yake wamekufa, namkumbuka mama na gunia lake la viazi.

Niliporudi nilipitia kwa mjomba, nikalichukua shati. Mama akaniuliza lilinitosha? Nikamwambia lilinitosha vizuri. Mpaka leo sijui kama mjomba alikuwa sahihi kuniambia nifiche. Pengine mama angeelewa kuliko sisi wote wawili.

Kesho yake alilitoa kwenye begi alifue. Mikunjo ya dukani bado ilikuwepo, na pini moja kwenye kola. Aliichomoa, akaichomeka kwenye kanga yake, akaendelea kufua.