RAM ya kasi iliyogoma kuwaka

Nilinunua vijiti vinne vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) aina ya DDR5, kila kimoja GB 16, kasi 6400 MT/s (mamilioni ya uhamisho wa data kwa sekunde), nikavipachika vyote kwa mbwembwe. Nikiwasha profaili ya XMP (mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi iliyotangazwa) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, skrini giza. Nikiizima, kompyuta inaamka lakini RAM inakwenda 4800 tu. Ubao mama niliulaumu bure.

Kumbe vijiti vinne vilikielemea kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho kimo ndani ya prosesa. Nikavirudisha dukani, nikachukua viwili vya GB 32, kasi 6000, CL30 (CL ni idadi ya mizunguko RAM inayosubiri kabla ya kujibu). Usicheke kwamba nimeshuka. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi: hapa unapata ucheleweshaji wa nanosekunde 10. Vile vya awali vilikuwa CL40, yaani 12.5.

Niliviweka kwenye nafasi ya pili na ya nne, kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mara ya kwanza skrini ilibaki nyeusi dakika kadhaa, nusura nichomoe waya. Kumbe ubao unajizoesha na RAM mpya, uache tu. MemTest86, programu ya kupima RAM, ikakesha usiku kucha: makosa sifuri. Vya taa za rangi sikununua safari hii.