Nilivyopata wauzaji wa kuaminika wa vipuri vya umeme wa gari nikiwa Mbeya

Kutengeneza kifaa cha umeme wa gari ukiwa Mbeya siyo kazi ngumu. Ngumu ni kupata vipuri vyake. Sakiti unaweza kuichora usiku, bodi ukaichonga kesho yake, programu ukaiandika taratibu hadi ikakubali. Ukifika kwenye sensa, rilei (swichi inayovutwa kwa umeme), kapasita (inayohifadhi chaji ya umeme) na mosfeti (swichi ya elektroniki) ndipo unapogundua kuwa heshima yako yote iko mikononi mwa mtu wa dukani. Akikupa kipande kibovu, gari la mteja litazimika kwenye mlima wa Kitonga, na jina litakalochafuka ni lako, siyo lake.

Kazi ninayoifanya zaidi ni kengele ya joto la injini. Magari mengi huku kwetu yanatembea na maji matupu kwenye rejeta na mfuniko uliochoka. Mfuniko mzima hubana presha, na presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Ukichoka, maji yanachemka kama yako kwenye sufuria ya jikoni. Na sufuria ya Mbeya siyo ya Dar es Salaam: mji wetu uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Mshale wa joto kwenye dashibodi ya Toyota nyingi nao umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda na kushuka. Dereva anaikwea Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni, mshale umetulia, kumbe ndani maji yanatokota. Kengele yangu inamwambia mapema na kuwasha feni ya ziada. Nimeifunga kwenye Noah, kwenye Hiace za abiria na kwenye pikapu zinazobeba viazi.

Nimeeleza hivyo ili ieleweke kwa nini sitaki mchezo kwenye vipuri. Kengele isiyolia ni mbaya kuliko kutokuwa na kengele, maana dereva ameshaiamini.

Nilianza kutafuta karibu, kwenye spea za mtumba, na mpaka leo huko ndiko ninakopata vitu vyangu bora. Sensa ya joto ya Denso, kampuni ya Kijapani, iliyong'olewa kwenye injini ya Kijapani imeshaishi miaka kwenye moto, baridi na mtikisiko. Kama bado inasoma sawasawa, ni vigumu sensa mpya isiyo na jina kuishinda. Kuipima ni rahisi, na hapa Mbeya hali ya hewa yenyewe inakusaidia. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka sensa hiyo isome ukinzani wa kati ya kiloomu 2 na 3 kwenye nyuzi 20, na ikifika nyuzi 80 iwe imeshuka hadi kati ya kiloomu 0.2 na 0.4. Nyuzi 20 ndiyo hali ya kawaida ya dukani kwetu mchana. Unaweka multimita, unasoma hapo hapo kaunta, unajua. Ukiinunua Dar mchana wa jua kali lazima ufanye hesabu kwanza, kwa sababu itasoma chini zaidi bila kuwa na ubovu wowote.

Basi kipimo changu cha kwanza cha muuzaji wa mtumba kikawa hicho: ananiruhusu kupima? Wapo wanaokunja uso ukitoa mita mfukoni, wanaona unawadharau mbele ya wateja. Sigombani nao, naaga naondoka. Ninayemfuata sasa ni mzee mmoja maeneo ya Sido, Mwanjelwa, ambaye siku ya kwanza aliniona nasitasita akasema, "Pima, mwanangu, hata zote pima. Ikigoma iache hapo pembeni, nisije nikamuuzia mwenzako." Hayo ya kumfikiria mwenzangu ndiyo yaliyonifanya niwe mteja wake. Alishamaliza maswali yangu yote kwa sentensi moja.

Kwake nachukua pia rilei na soketi. Hapa niseme kidogo, maana Mbeya ina jambo lake. Mji uko kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na malori yanatumia volti 24. Kwa hiyo kwenye ndoo moja ya rilei za mtumba utakuta za volti 12 na za volti 24 zimelala pamoja, na nyingine maandishi yamefutika. Ukifunga ya 24 kwenye Noah haitavuta, au itavuta siku betri imejaa na kugoma asubuhi ya baridi ya Julai. Dawa yake ni kupima koili, pini ya 85 na ya 86. Rilei ya volti 12 husoma karibu omu 80 hadi 100. Ya volti 24 hupanda hadi omu 300 au karibu na hapo. Halafu unaipa umeme na kupima pini ya 30 kwenda 87: iwe karibu na sifuri, isichezecheze ukiigonga kwa kidole.

Soketi nazipenda za mtumba zikiwa na kipande cha waya wake. Soketi ya Yazaki au Sumitomo iliyokatwa na waya wa urefu wa kiganja inakuokolea kazi kubwa, kwa sababu waya wa Kijapani ni shaba kweli. Waya mwingi mpya wa bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha. Waya huo kwenye feni ya ampea 10 hupata moto, na ukiulehemu haushiki vizuri.

Vitu vidogo vidogo, yaani rezista, dayodi za 1N4007, risasi ya kulehemu, bodi tupu, nanunua kwa mama mmoja Mwanjelwa anayeuza vipuri vya redio na televisheni. Hivyo havina utata sana. Utata ulikuwa kwenye kapasita. Alikuwa na za nyuzi 85 tu, kwa sababu fundi redio hahitaji zaidi. Kwenye gari, hasa karibu na injini, mimi nataka za nyuzi 105. Nilimweleza kwamba kapasita ya aina hiyo, kila ukiipunguzia joto nyuzi 10, umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili, na kwamba namba hiyo imeandikwa ubavuni pamoja na volti. Alichukua miwani yake akasoma za dukani moja moja, akaniambia, "Baba, sikuwahi kuangalia hapa. Nikienda Dar nitakuletea, lakini uzichukue kweli." Aliporudi alikuwa nazo, na nilizichukua kweli, hata zile ambazo sikuwa na haja nazo mwezi ule. Muuzaji akikuingizia bidhaa kwa ajili yako, ukimkimbia humpati tena. Sasa anaziweka daima, na mafundi wa inveta na wa chaja za sola nao wanazifuata kwake.

Kariakoo ndiko kulikonipa taabu zaidi, kwa sababu sipo pale. Mtu wa Dar anatembea duka kwa duka, anashika, analinganisha. Mimi nipo mwisho wa simu, mzigo unakuja kwa basi la usiku, na pesa nimeshatuma. Ilibidi nitafute namna ya kumjua mtu kabla sijamtumia pesa nyingi, na namna hiyo nimeipata kwenye swali la mosfeti.

Kwenye toleo la pili la kengele, feni naiendesha kwa mosfeti ili ianze polepole, na mosfeti yenyewe inapokea amri ya volti 5 kutoka kwenye chipu. Hapo inatakiwa IRLZ44N. Ipo ndugu yake, IRFZ44N, inafanana nayo kwa umbo na karibu kwa jina, na imejaa madukani. Lakini hiyo inataka volti 10 kwenye mguu wa geti ndipo ifunguke vizuri. Ukiipa volti 5 inafunguka nusu, inapata moto, inaungua. Kwa hiyo nikimpigia muuzaji mpya naulizia IRLZ44N na kusubiri jibu. Wengi walinijibu, "Ipo, kaka, tuma hela," na picha ikija ni ya IRFZ. Nikiuliza tena, "Zote moja tu, hizo ni herufi." Kijana mmoja, mtaa wa Aggrey, alijibu tofauti: "L sina, bro. F ninayo, ila kama unaiendesha na Arduino [bodi ndogo ya kuprogramu] usiichukue, itakuchemkia. Nipe hadi Alhamisi." Nikajua nimepata mtu. Kukosa bidhaa na kusema huna, wakati mteja ameshika simu tayari kutuma pesa, kunahitaji ujuzi na uaminifu kwa pamoja.

Hata hivyo sikuanza kwake na oda kubwa. Nilichukua vipande vichache, nikavipima kwa mzigo halisi, balbu ya taa kubwa ya gari, nikishika kwa kidole kuona joto. Nikafuta maandishi ya kimoja kwa asetoni ya kuondolea rangi ya kucha. Maandishi yaliyochongwa kwa leza hayafutiki. Yakitoka na weusi ukabaki kwenye pamba, chipu imepakwa rangi upya na kupewa jina lisilo lake. Zake hazikufutika.

Kisha ukaja mzigo wenye rilei mbovu, na kwangu hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Muuzaji mwingine niliyekuwa namjaribu wakati huo huo alipopata habari ya kipande kibovu alisema basi limeitikisa, kisha akaacha kupokea simu. Huyu wa Aggrey aliomba video fupi ya mita ikiwa kwenye pini, akaangalia, akasema ataweka nyingine kwenye mzigo unaofuata, na akaiweka bila kukumbushwa. Tangu hapo silinganishi bei yake na ya mtu. Naye nikimtumia oda namwandikia namba kamili ya kipande, volti, ampea, aina ya umbo, na kile ambacho sitaki kama mbadala. Oda iliyoandikwa vizuri humpunguzia muuzaji mwaminifu makosa.

Vipo vitu vitatu ambavyo siku hizi sivinunui Kariakoo kabisa: regyuleta (inayoshusha volti ya gari ifae chipu), chipu kuu, na dayodi ya ulinzi. Sababu ni umeme wa gari wenyewe. Watu husema volti 12, lakini injini ikiwaka altaneta, yaani jenereta ya gari, inatoa hadi 14.4, na terminali ya betri ikilegea na kuruka huku altaneta inachaji, volti inaweza kupaa kupita 80 kwa muda mfupi. Kwenye barabara zetu za matuta terminali kulegea ni jambo la kila siku. Ndiyo maana mwanzoni mwa sakiti naweka dayodi ya TVS, SM8S24A, inayobana mruko huo karibu na volti 39, na nyuma yake regyuleta ya LM2596 ambayo inavumilia hadi 40. Nafasi iliyobaki hapo ni ndogo mno, na kipande feki hakiwezi kuisimamia. LM2596 feki zimezagaa dunia nzima. Halisi inakata umeme mara 150,000 kwa sekunde, na feki nyingi zinapimwa zikikata kama 50,000, jambo ambalo huwezi kuliona kwa macho wala kwa mita ya kawaida.

Hivyo naagiza nje. Digi-Key na Mouser za Marekani zinanunua moja kwa moja kwa watengenezaji, na ukitafuta unaweza kuchuja upate chipu zilizopita majaribio ya magari, AEC-Q100, ambazo daraja lake la 1 huanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 125. Tatizo ni usafiri: kwa oda ndogo nauli inashinda bidhaa. LCSC ya China ni nafuu zaidi, na kuna mawakala wengi wa mizigo wanaopokea vifurushi Guangzhou na kuvileta Kariakoo kwa ndege kwa bei ya kilo. Vipuri vya elektroniki ni vyepesi, kilo moja ni chipu nyingi sana. Kinachosaidia zaidi ni kuchanga. Tuko mafundi kadhaa, na vijana wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kule Iyunga wenye miradi yao ya mwaka wa mwisho. Mmoja anakusanya orodha, tunalipa pamoja, nauli na kodi tunagawana kwa thamani ya kila mtu. Anayekusanya haruhusiwi kubadilisha namba ya kipande hata kama kingine ni nafuu, bila kumuuliza mwenyewe.

Kila kipande kikifika nakifunga kwenye pakiti yake na kuandika kimetoka kwa nani na lini, na kimoja cha kila mzigo nakiweka kando bila kukitumia. Gari likirudi na tatizo, nafungua pakiti, nalinganisha, najua nimpigie nani. Kwa sasa kinachonisumbua ni soketi zisizoingiza maji kwa ajili ya pikapu za Kitulo na Tukuyu, kwenye mvua zisizokatika. Za mtumba mipira yake imekakamaa, na mpya ninazoonyeshwa zinavuja nikizizamisha kwenye ndoo. Kijana wa Aggrey ameahidi kunitumia sampuli mbili, na nimemwambia kabisa kwamba zitalala kwenye maji usiku kucha kabla sijamjibu.