Vipande Arobaini

Usiku wa kuamkia kipindi kile nilikata vipande 40 vya karatasi ngumu. Kila kipande kilikuwa mgao wa mchele wa mtu mmoja. Darasa langu la kidato cha tatu lilikuwa na wanafunzi 36, kwa hiyo vinne nilivizidisha kwa makusudi. Ilikuwa Oktoba 2024, wiki ya Siku ya Chakula Duniani, na nilikuwa nimechoshwa na namna nilivyolifundisha somo la njaa miaka yote.

Namna yenyewe ilikuwa hivi: naandika ubaoni ukame, mafuriko, vita, ongezeko la watu, wananakili, mtihani unakuja, wanapata alama zote. Lakini kila mwaka nilipowauliza kwa mdomo kwa nini watu wanalala na njaa, jibu la kwanza lilikuwa lilelile: chakula hakitoshi. La pili lilikuwa uvivu. Hilo la pili lilinichoma, maana wengi wa wenye njaa duniani wanaishi vijijini na wanashinda shambani tangu alfajiri.

Siku chache kabla nilikuwa nimewapa takwimu mbili, moja chini ya nyingine. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Julai mwaka huo ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 713 na 757 walikabiliwa na njaa mwaka 2023, yaani mtu mmoja kati ya 11, na barani Afrika mmoja kati ya watano. Ripoti nyingine ya mwaka huohuo ilieleza kuwa mwaka 2022 tani zaidi ya bilioni moja za chakula zilitupwa majumbani, mahotelini na madukani. Darasa lilinakili zote mbili kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyeuliza kitu.

Ndipo nikaamua kuwapeleka Bengal, mwaka 1943.

Niliwasimulia kwa ufupi. Bengal, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Bangladesh, ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na vita vya dunia vilikuwa vimepamba moto. Mwaka 1942 Japani iliiteka Burma, nchi jirani ambayo leo inaitwa Myanmar, na mchele uliokuwa ukitoka huko ukakatika. Oktoba mwaka huo kimbunga kikapiga pwani, na ugonjwa ukaushambulia mpunga. Miezi kadhaa kabla ya kimbunga hicho watawala, kwa kuhofia kwamba Wajapani wangetua, waliamuru boti za maeneo ya pwani zenye uwezo wa kubeba watu zaidi ya kumi ziondolewe au ziharibiwe. Fedha za vita zikamiminika Calcutta, mji mkuu wa Bengal, na bei ya mchele ikapanda mara kadhaa. Watu kati ya milioni mbili na tatu walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo.

Amartya Sen alikuwa mtoto wa miaka tisa katika Bengal hiyo. Mwaka 1981, akiwa mwanauchumi, alitoa uchambuzi wake: mchele uliokuwepo mwaka 1943 ulikuwa pungufu kidogo ya wastani wa miaka ya nyuma, lakini ulizidi ule wa mwaka 1941, mwaka ambao baa la njaa halikutokea. Wapo wanaobishana naye juu ya ukubwa wa mavuno, nami siwezi kuwaamulia. Kinachonishika mimi ni aina ya watu alioonyesha kuwa waliangamia zaidi: vibarua wa mashambani, wavuvi, wakoboaji mpunga, mafundi wa vijijini, vinyozi. Kinyozi! Mtu akianza kuhesabu punje, haoni tena haja ya kunyolewa. Wembe wa kinyozi upo, na mkono wake haujasahau kazi, ila wateja hawaji, na mchele unampita mlangoni akiutazama.

Basi kila mwanafunzi akaokota kadi iliyoandikwa kazi ya mtu wa Bengal. Wakawepo wakulima wenye mashamba yao, wafanyakazi wa viwanda vya vita mjini, vibarua, wavuvi, vinyozi, na wafanyabiashara wawili wa nafaka. Vipande vyote 40 vilikaa kwenye meza ya katikati. Katika kila mzunguko nilisoma bei na mishahara, na kila mtu alilazimika kupata kipande kimoja ili aendelee. Aliyeshindwa alikwenda kukaa kwenye benchi la nyuma, kimya. Mzunguko ukiisha, vipande vyote vinarudi mezani.

Mzunguko wa kwanza wote walikula, vikabaki vinne. Wa pili nikapandisha mishahara ya viwandani, bei ya mchele ikaruka mara tatu, nikawasomea wavuvi kwamba boti zao zimechukuliwa. Vinyozi nikawatangazia kuwa wiki nzima hakuna mteja. Wakaanza kuondoka mmojammoja kuelekea nyuma.

Mzunguko wa tatu ulinishangaza. Wale wafanyabiashara wawili walivuta vipande tisa upande wao, wakaviwekea mikono juu. Kadi zao zilisema tu: unanunua, unauza. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Tusubiri, bei itapanda tena." Ulanguzi hakuna aliyewafundisha. Wenye pesa walipoona hivyo, kadhaa wakakimbilia kununua viwili viwili. Ninawajua watoto wale, si wachoyo. Walikuwa na hofu, na hofu ya mwenye pesa inaweza kummaliza asiye nazo bila wao wawili kukutana.

Nilisimamisha mchezo wanafunzi 11 wakiwa wameshatoka. Nikawageukia waliobaki, tukaanza kujadili, na mjadala ulinoga kuliko wowote niliowahi kuusikia katika darasa lile. Walieleza jinsi mshahara unavyoweza kupanda huku na kushuka kule. Mmoja alisema vita si lazima vifike kijijini ndipo viue. Nilifurahi kwelikweli.

Zilipobaki dakika tano hivi, mkono ulinyooshwa kutoka benchi la nyuma. Alikuwa mmoja wa vinyozi.

"Mwalimu, samahani. Sasa tunaruhusiwa kusema?"

"Sema, mwanangu."

"Tangu mzunguko wa pili hakuna aliyetuangalia. Hata wewe." Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa. "Lakini sisi tulikuwa tunahesabu."

Akainua daftari. Nyuma ya jalada walikuwa wameandika: 40, 40, 40. Chini yake: wamekula 25, vimebaki 15, tumetoka 11.

"Vimebaki vingi kuliko sisi," alisema. "Sasa sisi tumekufa kwa nini?"

Mmoja wa wafanyabiashara alimjibu haraka, "Hamkuwa na pesa."

"Nilikuwa na kazi," kinyozi akasema.

Kengele ikalia.

Jioni ile sikuweza kusahihisha madaftari. Kanuni ya kukaa kimya nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya utulivu wa darasa, wala haikuwa sehemu ya somo. Lakini nilikuwa nimewatoa watoto 11, nikawanyamazisha, kisha nikageuza mgongo na kuwauliza walioshiba maana ya njaa. Nilikumbuka kwamba watu wa Bengal walikuwa wakifa kwa miezi kabla gazeti la The Statesman la Calcutta halijachapisha picha za waliokuwa wakianguka barabarani, tarehe 22 Agosti 1943. Sen baadaye alisisitiza kwamba mahali penye uchaguzi wa kweli na magazeti huru, baa la njaa halifiki mbali, kwa sababu watawala hawawezi kujifanya hawajui. Jambo hilo nilikuwa nalifahamu kabla ya siku ile. Nilikuwa nalifahamu nikiwa nimesimama nimewapa mgongo.

Kipindi kilichofuata niliacha mpango wangu wote. Wale 11 niliwaketisha mbele, wakapewa nafasi ya kuuliza, na wengine wakawa wa kujibu. Mvuvi akamuuliza mfanyakazi wa kiwandani kama alijua boti zimekwenda wapi. Kibarua akawauliza wakulima kwa nini hawakumwita shambani. Majibu mengi yalikuwa "sikujua", na kila lilipotamkwa mtu fulani wa mbele aliliandika.

Halafu kinyozi akanigeukia mimi. "Mwalimu, bei nani alipanga? Na boti nani alichukua?"

Kadi ya serikali sikuwa nimempa mtu yeyote. Nilikuwa nimeishika mwenyewe pasipo kujua kwamba ninayo. Nikamwambia hivyo, mbele ya wote.

Wakataka kujua nani anashika kadi leo. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu baa la njaa lithibitishwe katika kambi ya Zamzam, karibu na mji wa El Fasher huko Darfur Kaskazini, nchini Sudan. Niliwaeleza kuhusu vita vilivyoanza Aprili 2023, mji uliozingirwa na malori ya misaada yaliyozuiwa njiani. Niliwaeleza pia kwamba mwaka 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2417, lililaani kuwanyima raia chakula kama silaha ya vita. Nikawaonyesha vipimo vinavyotumika ili hali iitwe baa la njaa: angalau kaya moja kati ya tano iwe katika upungufu mkubwa kabisa wa chakula, watoto 30 katika kila 100 wawe na utapiamlo mkali, na kila siku wafe watu wawili katika kila 10,000.

"Kwa hiyo wanasubiri wafe kwanza, ndipo wahesabu?" aliuliza msichana mmoja wa benchi la wavuvi.

Nikamwambia maonyo hutolewa mapema, ila yanayosikilizwa ni machache. Somalia tangazo lilitoka Julai 2011, ilhali wengi walikuwa wameshazikwa. Makadirio ya baadaye yalifikia watu wapatao 258,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Aliandika namba hiyo, na safari hii hakuishia kuinakili. Aliikata katikati, akaanza kugawa nusu moja kwa idadi ya wanafunzi wa darasa letu ili aone ni madarasa mangapi. Alipopata jibu alifunika daftari.

Baada ya kipindi nilikusanya vipande vyangu kwa ajili ya darasa lingine. Vilikuwa 38. Nilitafuta chini ya madawati, nikaacha.

Kesho yake asubuhi mmoja wa wale wafanyabiashara alinikuta mlangoni mwa ofisi ya walimu. Alitoa mfukoni vipande viwili vilivyokunjamana.

"Mwalimu, vilikuwa kwangu tangu siku ile ya mchezo," alisema. Alikaa navyo mkononi, hakunipa. "Nikimpa yule kinyozi sasa hivi, itahesabika?"

Nilimwambia akamuulize mwenyewe.