Kikaragosi Wetu Aliyefika Antaktika

Muhula huu vipindi vyangu vya sayansi, katika shule ya msingi ninayofundisha hapa Uingereza, vimeongozwa na kikaragosi wa kitambaa mwenye koti jekundu, ambaye kila Jumatatu huwasomea watoto barua kutoka Rothera, kituo cha utafiti cha Waingereza kilichopo Kisiwa cha Adelaide, Antaktika. Barua hizo ninaziandika mwenyewe usiku, nikihakikisha kwamba kila jambo la kisayansi lililomo ni la kweli.

Wiki iliyopita aliuliza kwa nini sili, mnyama wa baharini mwenye tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, hagandi baharini. Badala ya kuwapa jibu, niliwawekea watoto beseni la maji yenye barafu na mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, katikati nikiwa nimejaza mafuta ya kupikia yaliyoganda. Mtoto mmoja, ambaye tangu Septemba hakuwahi kunyoosha mkono darasani, alitumbukiza mkono mtupu, akautoa upesi, kisha akauingiza wa pili ndani ya mfuko na kukaa nao majini kimya, hadi alipogeuka akamwambia kikaragosi, wala si mimi: “Mafuta yanazuia joto langu lisitoke.” Hakusema kwamba yanazuia baridi isiingie, kosa ambalo hata sisi watu wazima hulifanya, na kwa kweli machozi yalinilengalenga.

Jumatatu ijayo barua itauliza ni barafu ipi huinua zaidi kina cha bahari ikiyeyuka, ile inayoelea au iliyo juu ya nchi kavu. Mawe na vipande vya barafu nimeshavitayarisha.